Siku ya nne raba zinarudi uvunguni

Mi ni mkunga, nipo kliniki ya wajawazito hapa Mbeya, na hakuna wiki inapita bila kusikia hii: "dada, nilianza mazoezi vizuri tu, siku ya nne nikaacha, yani mi mvivu." Jamani, sio uvivu. Miezi mitatu ya kwanza kichefuchefu na uchovu vinakupiga kwa pamoja, sasa ikute ni Julai, baridi letu mnalijua, saa kumi na mbili asubuhi nani atoke kwenye blanketi eti akatembee? Hata mimi sitoki.

Shida ni kusubiri hamu, na hamu haijagi. Nina mama mmoja anauza mitumba Mwanjelwa, kutwa yupo kwenye kigoda, jioni mgongo wote unauma. Nikamwambia zoezi lako lipo kwenye nauli, shuka kituo cha Kabwe umalizie kwa mguu. Akampata na mwenzake muuza karanga wanasubiriana pale, maana ukijua kuna mtu amesimama kwenye baridi anakungoja unaona aibu kulala. Alianza na dakika kumi basi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mjamzito asiye na tatizo afikishe dakika 150 kwa wiki, lakini hata kumi kumi zinahesabika, usizidharau.

Kipimo hakihitaji saa ya bei: tembea huku unapiga stori, ukianza kukata maneno katikati punguza mwendo, na huku kwetu kwenye vilima utapunguza sana tu, kawaida.

Kuna wakwe wanasema ukitembea sana mimba itatoka. Kama mimba yako haina shida, kutembea hakuitoi. Ila wenye presha, waliowahi kushonwa mlango wa kizazi au kondo limekaa chini, uliza kwanza kliniki. Na ukiona damu, maji yanatoka, kifua kinabana au kizunguzungu, acha hapohapo uje. Mazoezi ya kulala chali nayo yaache mimba ikishakua, mji wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa wa damu unajikuta kichwa kinazunguka.

Halafu hii mada sio ya kila mtu. Mama wa Rungwe anayeshinda shambani, jioni ndoo kichwani na kuni juu, ukimwambia aongeze mazoezi unamuonea. Huyo namuandikia mapumziko, na mumewe akija naye siku hiyo namwambia ndoo ni yako baba, anacheka, simcheki.

Yule wa mitumba sasa ana miezi minane. Anasimama mara mbili njiani kupumua, na mkoba siku hizi anabebewa na muuza karanga.