Je, wajua kwa nini wagonjwa wa akili waliwahi kuambukizwa malaria makusudi?

Huku Mtwara, mgonjwa wa homa akianza kuweweseka na kutowatambua ndugu zake, watu husema malaria imempanda kichwani, naye hukimbizwa hospitali usiku huohuo. Basi ni vigumu kuamini kwamba malaria iliwahi kuwa tiba ya wazimu.

Ilianzia Vienna, Austria. Mji huo una jengo liitwalo Narrenturm, yaani Mnara wa Vichaa: la duara, ghorofa tano, vyumba 139, madirisha membamba kama nyufa. Lilijengwa mwaka 1784 kuwafungia wagonjwa wa akili. Leo ni makumbusho ya magonjwa, na ndani mna mifupa, viungo vya watu kwenye chupa, na sura za nta zinazoonyesha jinsi kaswende inavyoula uso.

Kaswende ndiyo kiini cha habari hii. Isipotibiwa, miaka mingi baadaye huweza kuingia kwenye ubongo. Mtu hujiona mfalme, husahau, hupooza, kisha hufa. Hospitali za Ulaya zilijaa watu wa namna hiyo na dawa ya maana haikuwepo.

Daktari Julius Wagner-Jauregg wa huko Vienna alikuwa ameona kwamba baadhi ya wagonjwa wa akili hupata nafuu baada ya homa kali. Mwaka 1917 akachukua damu ya askari mwenye malaria, akawatia wagonjwa 9 ambao kaswende ilikuwa imewaingia ubongoni. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba vijidudu vya kaswende havistahimili joto: homa iachwe ipande mara kadhaa, halafu malaria izimwe kwa kwinini. Baadhi walipata nafuu kweli, na mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel.

Malaria iliyotakiwa ilikuwa ya aina iitwayo vivax, ambayo si kali sana. Falsiparamu, hii yetu inayopanda kichwani, ilipotumika kwa makosa iliua. Hata ya vivax iliwaua wengine. Nami nawafikiria hao wagonjwa kuliko hiyo tuzo, maana mtu aliyepotewa na akili hakuweza kusema ndiyo wala hapana, na sindano ilikuwa tayari.

Penisilini, dawa inayoua vijidudu vya kaswende, ilipoenea miaka ya 1940, tiba ya malaria ikaachwa. Penisilini hiyo ndiyo sindano anayochomwa mama mjamzito kliniki leo, kipimo kikionyesha ana kaswende.