Mfungo wa vipindi ni nini, na unapunguzaje uzito?

Mfungo wa vipindi ni utaratibu wa kula ambao mtu hujipangia saa za kula na saa za kukaa bila kula, kisha akaufuata kila siku au siku kadhaa za wiki. Hauna orodha ya vyakula vya kula na vya kuacha, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Aina inayosikika zaidi ni 16:8. Unakula ndani ya saa nane, mathalani kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Saa kumi na sita zilizobaki ni maji, chai ya rangi au kahawa, vyote bila sukari. Sehemu kubwa ya muda huo umelala, kwa hiyo kinachokatwa hasa ni chai ya asubuhi na vitafunio vyake, pamoja na kula usiku wa manane. Kikombe cha chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari kimeshavunja mfungo, hata kama hukugusa andazi. Aina ya pili ni 5:2: siku tano unakula kama kawaida, na siku mbili unakula kalori 500 au 600 tu. Hii ilivuma Uingereza mwaka 2012, daktari na mtangazaji Michael Mosley alipoionyesha kwenye televisheni ya BBC. Kuna pia wanaofunga siku moja na kula siku inayofuata, ila wengi huishia njiani.

Sasa, mwilini kunatokea nini? Ukila ugali au wali, wanga unageuka glukosi, yaani sukari ya damu, insulini (homoni inayoishusha sukari hiyo) inapanda, na sehemu ya ziada inawekwa akiba kwenye ini na misuli. Ukikaa saa kumi na mbili au zaidi bila kula, akiba ya ini inazidi kupungua, insulini inakuwa chini, na mwili unaanza kutegemea zaidi mafuta yake. Ini nalo linatengeneza ketoni, yaani nishati mbadala ya mwili, kutokana na mafuta hayo. Yote haya ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba mafuta yaliyotumika asubuhi yanarudishwa jioni ileile ukila kupita mahitaji yako.

Ndiyo maana matokeo ya utafiti hayafanani na kelele za mitandaoni. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 116 lililodumu wiki 12. Kundi moja liliambiwa kula ndani ya saa nane bila kuhesabu kalori, jingine likala milo mitatu ya kawaida. Waliofunga walipungua chini ya kilo moja kwa wastani, na tofauti yao na wenzao haikuwa ya maana. Mwaka 2022 yakaja matokeo ya Guangzhou, China: watu 139 wenye unene uliokithiri, mwaka mzima, wote wakipunguziwa kalori, nusu yao wakila kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliobanwa saa walipoteza kilo 8 hivi na wenzao 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema saa ndizo zilizofanya kazi.

Kwa maoni yangu, basi, mfungo huu ni njia ya kula kidogo bila kupima kila sahani. Mtu ambaye tatizo lake ni chips mayai na soda saa nne usiku utamfaa sana, maana mlango wa jikoni unafungwa saa mbili. Anayekunywa uji mwepesi asubuhi na kujaza sinia jioni hatapata kitu kwa kuuacha uji. Wanaouliza mbona Ramadhani haiwapunguzi wana jibu hapohapo: funga ile ni ibada, haina hata maji mchana, lakini chakula kimehamia usiku, kuanzia kaimati, sambusa na viazi vya nazi hadi daku.

Utasikia pia kwamba seli “zinajisafisha” ukifika saa fulani. Mchakato huo upo, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel mwaka 2016 kwa kuuchunguza, lakini aliuchunguza kwenye hamira. Saa kamili ambayo usafi huo huanza kwa binadamu haikutoka huko.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye uzito mdogo na waliowahi kuugua matatizo ya ulaji wasijaribu. Mwenye vidonda vya tumbo amuulize daktari kwanza. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) asirushe mlo kabla dozi yake haijapangwa upya, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, anywe maji ya sukari au soda ya kawaida mara moja. Akishindwa kumeza, asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.