Je, wajua juu ya nini mazuku, ile hewa ya kuua ya huku kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, inaua mbuzi na mwenye mbuzi anabaki mzima?

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake, ukapita Mugunga halafu ukashuka upande wa ziwa Kivu kuelekea Bulengo, utakuta katikati ya mawe ya volkano kuna mashimo na vibonde ambavyo kila mtoto wa pale ameshakatazwa, usishuke humo kama jua bado halijapanda. Ukichungulia asubuhi unaweza kuona majani ya pembeni ni mabichi vizuri lakini ya chini yamekufa, mjusi amelala kifudifudi, kandege kamoja mabawa wazi, na inzi hata hawatembei. Hakuna damu, hakuna harufu, hakuna moshi. Hapo ndipo mazuku inakaa.

Nikiwa mdogo jirani yetu, mama mmoja mwenye bidii sana, alifunga mbuzi wake wawili karibu na shimo kama hilo jioni juu majani ya pale yalikuwa mazuri, asubuhi akawakuta wote wawili wamelala kama wamesinzia tu. Alisimama hapohapo pembeni yao analia, hakusikia kitu chochote, lakini alipoinama kufungua kamba kichwa kikaanza kuzunguka na pumzi ikawa mbio, akarudi nyuma. Mtaani watu wakaanza kusema ni uchawi, wengine sumu, na jina la mzee mmoja jirani likaanza kutajwatajwa. Hiyo iliniuma mpaka leo, juu yule mzee hakuwa amefanya kitu, ni ardhi yenyewe.

Sasa tueleze. Mazuku, ambayo wengi wanaitafsiri kama upepo mbaya, ni gesi ya kabonidayoksaidi, ile shuleni kwetu tunaiita gazi kaboniki, ileile unayotoa puani ukipumua. Chini ya volkano zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, kuna mawe yaliyoyeyuka yenye gesi nyingi ndani, na gesi hiyo haisubiri volkano ilipuke, inapanda polepole kila siku kupitia nyufa na matundu ya lava za zamani mpaka inatoka juu. Ikitokea mahali pa wazi penye upepo inachanganyika na hewa inaisha. Shida ni ikitokea kwenye shimo, juu gesi hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatiririka kama maji na kujaza shimo kuanzia chini, unaweza kusema ni dimbwi lakini dimbwi ambalo macho hayaoni.

Ndiyo jibu la mbuzi. Pua ya mbuzi iko kwenye goti lako, pua yako iko juu, dimbwi likifika kiunoni mbuzi amezama na wewe bado unavuta hewa nzuri. Mtoto wa miaka mitatu naye urefu wake ni kama wa mbuzi, naomba mama zangu mliangalie hilo. Na mtu mzima akiinama kuchukua bidoni ya maji, au akilala chini, anaingia kwenye dimbwi yeye mwenyewe.

Hewa ya kawaida ina gesi hii kama 0.04% tu. Ikifika 3 mpaka 5% kichwa kinauma na unapumua haraka, ikizidi 10% unaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache, na kuna mazuku ambazo chini kabisa inapita 50%, humo ni pumzi chache tu mtu ameanguka, hana hata muda wa kuita.

Kwa nini usiku na alfajiri? Usiku hewa ni baridi na imetulia, gesi inajikusanya bila kusumbuliwa. Jua likipasha mawe na upepo wa ziwa ukianza, dimbwi linapungua, ndiyo maana mtu anapita hapo saa nane mchana kila siku halafu anasema mahali hapo ni salama. Si salama, saa ndiyo ilikuwa nzuri kwake. Na siku isiyo na upepo hata mchana usiiamini.

Ninaowawazia zaidi ni wageni. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Mugunga, na kuanzia 2022 ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru waliokimbia vita wakapanga vibanda Bulengo na kando yake, mtu amefika usiku na watoto anatafuta mahali pasipo na upepo ili turubai lisiruke, na mahali pasipo na upepo ndipo penyewe pabaya. Wenyeji wanajua mashimo yao, mgeni nani atamwambia? Vibao vya onyo vipo sehemu fulani lakini mazuku ni nyingi. Hata ndani ya nyumba, chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi au shimo la choo jipya vinaweza kujaa.

Wengi wanachanganya hii na gesi ya ziwa Kivu. Ile ni jambo lingine, iko imeyeyuka kwenye maji ya chini sana, kama kilomita za ujazo 300 za gazi kaboniki na 60 za methani. Hatari ya ziwa tunaijua kutokana na ziwa Nyos kule Kamerun, Agosti 1986, gesi ilitoka majini ghafla na watu kama 1,700 walikufa kwa usiku mmoja. Lakini gesi yenyewe inaua vilevile, na hata baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021 kuna watu walikufa kwa kuvuta gesi wakikatisha juu ya lava ambayo bado ilikuwa inapoa.

Kitu kimoja ningependa kila mtu wa huku akishike: ukiona mtu ameanguka kwenye shimo, usiruke kumtoa. Najua moyo unasukuma, ni mwanao, ni kaka yako, lakini hivyo ndivyo wa pili anaanguka juu ya wa kwanza na wa tatu juu yao. Kitambaa chenye maji mdomoni hakisaidii, gesi inapita. Hata mshumaa usiutegemee, juu gesi inaweza kukudhuru na mshumaa bado unawaka. Piga kelele watu waje, mkiwa juu mrushe kamba yenye kitanzi au mti mrefu wa kumvuta nguo, mmvute mpaka penye upepo, mlaze hapo, na kama hapumui mumpulizie pumzi mdomoni bila kuacha huku mwingine anakimbia kutafuta pikipiki ya kumfikisha hospitali.