Kurefusha mguu: siku baada ya siku, tangu kisu hadi fremu itoke

Anayejiandaa kurefushwa mguu kwa kawaida huogopa siku ya upasuaji. Siku hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote zitakazofuata. Daktari hukata mfupa kwa uangalifu, akijitahidi kuuacha utando wake wa nje na mishipa ya damu bila kuumia, kisha hufunga fremu ya pete na waya au huingiza chuma ndani ya mfupa. Kazi kubwa inabaki nyumbani, na anayeifanya ni mgonjwa mwenyewe, robo milimita kwa robo milimita.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kila mgonjwa namwambia hivi mapema: mfupa mara nyingi hukubali kurefuka, wanaogoma ni misuli na mishipa ya fahamu. Ukitaka kujua kesho uvute kiasi gani, tazama kwanza kifundo cha mguu na vidole, rula baadaye. Nitaeleza zaidi mfupa wa muundi wenye fremu ya nje, na nitagusia paja na chuma cha ndani pale mambo yanapotofautiana.

Saa 48 za kwanza ni za ulinzi. Mguu uinuliwe juu kidogo ya kiwango cha moyo, lakini usiweke mto chini ya goti. Goti lililolala limekunjwa siku mbili tatu huanza kuzoea kukunjwa, na kulinyoosha baadaye ni vita. Vidole vichezeshwe kila saa, juu na chini, ili damu isigande miguuni. Maumivu yatakuwepo. Yanayonitia wasiwasi ni yale yanayozidi licha ya dawa, shavu la mguu likiwa gumu na limevimba, na mgonjwa akipiga kelele pale anaponyooshewa vidole. Hiyo ni shinikizo la ndani ya misuli, na halisubiri asubuhi. Kubanwa pumzi au kifua kuuma ghafla nako ni kwa kukimbia hospitali.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu mgonjwa husimama kwa magongo. Mwenye fremu ya pete kwa kawaida huruhusiwa kukanyaga kadiri maumivu yanavyomruhusu, na kukanyaga huko ni sehemu ya matibabu kwa sababu mfupa hukomaa ukibebeshwa uzito. Mwenye chuma cha ndani hana uhuru huo. Mara nyingi hupewa kikomo cha kilo 20 hivi, mpaka mfupa ukomae, la sivyo chuma kinaweza kupinda au kuvunjika. Kilo 20 hazikisiwi. Weka mizani ya kawaida ya kupimia uzito sakafuni, kanyaga kwa mguu uliopasuliwa huku umeshika magongo, ongeza uzito polepole hadi mshale ufike 20, kisha ubaki hapo mpaka mguu uukariri mgandamizo huo. Rudia kila siku kwa wiki ya kwanza, maana watu husahau na kuanza kuuegemea.

Siku 5 hadi 7 za mwanzo, wakati mwingine 10, hakuna kinachovutwa. Mwili hutumia siku hizo kujaza pengo la mfupa kwa damu na seli zitakazojenga mfupa mpya. Wagonjwa wenye haraka huona siku hizi zinapotea bure, lakini ukianza kuvuta mapema pengo hubaki tupu.

Kisha spana huingia kazini. Kipimo cha kawaida ni milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara 4. Kipimo hiki kinatokana na kazi ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Urusi, aliyeanza kuitengeneza fremu hii miaka ya 1950. Majaribio yake kwa mbwa yalionyesha kwamba kuvuta nusu milimita kwa siku kulifanya mfupa uunge kabla ya wakati, milimita 2 ziliumiza nyama na mishipa, na milimita 1 ndiyo ikafaa. Yalionyesha pia kwamba ukigawa kiasi kilekile katika vipande vidogo zaidi, mwili hukipokea vizuri zaidi. Kwa hiyo anayeruka zamu ya mchana na kuzungusha nusu milimita jioni "kufidia" anajidhuru. Zamu ikikupita, muulize daktari, usiiongeze juu ya nyingine.

Kwenye fremu ya kawaida, fito (vyuma virefu vinavyounganisha pete) zina mikato ya skrubu ambayo mzunguko mmoja mzima wa nati ni milimita 1, kwa hiyo robo mzunguko ni 0.25. Saa zinazofaa watu wengi ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuzungusha kuelekea upande usio sahihi. Kabla ya kutoka hospitali, omba kila nati ipakwe alama ya rangi ya kucha upande mmoja na ichorewe mshale wa kuonyesha inakozungushiwa. Zungusha fito zote kwa mpangilio uleule kila mara, weka alama kwenye daftari kila unapomaliza moja, kisha kaza nati ya kufungia. Fito moja ikisahaulika siku tatu, pete huanza kuinama na mfupa nao unafuata.

Picha ya eksirei ya kwanza huja baada ya wiki moja hivi ya kuvuta, na baada ya hapo kila wiki moja au mbili. Ya kwanza inajibu swali moja tu: pengo limefunguka kama hesabu inavyodai? Umevuta siku 7 na pengo ni milimita 3, basi kuna kitu hakikufanya kazi, ama fito, ama mwelekeo wa nati, ama mfupa haukukatika sawasawa. Kwenye wiki ya tatu au ya nne mfupa mpya huanza kuonekana kama wingu jepesi lenye mistari inayofuata urefu wa mguu. Ukiwa mwembamba katikati, kasi hupunguzwa au kuvuta kunasimama kwa muda. Muundi huelekea pia kupinda kwenda mbele na kwa ndani ya goti, na daktari hurekebisha kwa kubadilisha vipimo vya fito moja moja. Usijaribu kufanya hivyo mwenyewe.

Sasa misuli, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu hapa ndipo matokeo mengi mabaya yanapozaliwa. Mfupa ukirefuka sentimita 4, msuli wa shavu la mguu unapaswa kurefuka nao, na wenyewe hautaki. Huuvuta mguu uelekee chini, vidole vikichungulia sakafu, na usipoushinda kila siku utamaliza ukitembelea vidole. Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza. Kaa umenyoosha goti kabisa, pitisha taulo kwenye unyayo karibu na vidole, vuta kuelekea kwako hadi uhisi mvutano nyuma ya muundi, shikilia sekunde 30, achia. Mara 10, na zamu hizi ziwe 4 au 5 kwa siku. Goti likikunjwa, zoezi limepotea, kwa kuwa msuli mkubwa wa shavu unapita nyuma ya goti na hulegea likikunjwa. Usiku mguu ulale umefungwa kwenye kibao au kiatu maalumu kinachoushikilia kwenye nyuzi 90. Saa 8 za usingizi mguu ukiwa umelegea zinaweza kufuta kazi yote ya mchana.

Kifundo kikishindwa kufika nyuzi 90 goti likiwa limenyooka, sivumilii wiki nzima. Namwambia daktari, na kasi hushuka hadi 0.75 au 0.5 kwa siku. Kwenye paja tatizo ni goti: likipungua kukunjika hadi chini ya nyuzi 45, au likikataa kunyooka, hali ni ileile, kasi ishuke kwanza. Kulala kifudifudi nusu saa mara mbili kwa siku husaidia misuli ya mbele ya nyonga isikakamae.

Mishipa ya fahamu hutoa onyo mapema kwa anayesikiliza. Kila asubuhi kabla ya kuzungusha nati ya kwanza, inua kidole gumba cha mguu kuelekea usoni, na gusa ngozi kati yake na kidole cha pili. Gumba likiinuka kwa uvivu kuliko jana, ganzi ikiingia, au shuka likikuchoma mgongo wa mguu, simamisha kuvuta na piga simu siku hiyohiyo. Mara nyingi kupunguza kasi kunatosha. Kukichelewa, inaweza kulazimu upasuaji wa kuulegeza mshipa.

Vidonda vya pini, yaani pale waya na vyuma vya fremu vinapoingia kwenye ngozi, vitakusumbua, viko hivyo. Kinachovichokoza zaidi ni ngozi kusogea juu ya pini, hivyo shashi ifungwe kwa kubana kidogo ngozi isicheze. Osha kwa maji chumvi ya hospitali au klorheksidini kwa ratiba uliyopewa, kila pini kwa shashi yake. Wekundu kidogo na majimaji maangavu yasiyo na rangi ni kawaida. Wekundu unaotambaa, usaha, na maumivu mapya unapokanyaga yanahitaji antibiotiki mapema. Pini iliyolegea haiponi kwa dawa, hutolewa.

Dawa za maumivu: parasetamoli haina ubaya, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Ibuprofeni na diklofenaki madaktari wengi huziepuka kipindi hiki kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa. Sigara iachwe kabisa, na hapa sina maneno laini, kwani mvutaji anaweza kubaki na pengo lisilojaa. Hamu ya kula hupungua na usingizi hukatika, hasa wiki za mwisho za kuvuta. Kula protini kila mlo hata kwa kujilazimisha, na upimwe vitamini D.

Urefu ukifikiwa, nati hufungwa na kusubiri huanza. Sentimita 4 huvutwa kwa siku 40, lakini kukomaa huchukua muda mrefu zaidi: kwa mtoto jumla hukaribia mwezi mmoja kwa kila sentimita, kwa mtu mzima mwezi na nusu au zaidi. Huu ndio wakati wa kutembea sana ikiwa una fremu ya nje. Fremu hutolewa pale picha za pande mbili zinapoonyesha angalau kuta 3 kati ya 4 za mfupa zimeimarika, na madaktari wengi hulegeza fito wiki chache kabla ili kuupima mfupa kwa uzito.

Siku fremu inapotoka, mguu huonekana mzima na mwenyewe hujisikia mwepesi, na hapo ndipo mfupa mpya huvunjika au kupinda. Vaa kifaa cha kuushikilia wiki 4 hadi 6, rudi kwenye magongo kwa muda, usikimbie, usiruke, na usigeuze mwili wakati unyayo umeganda sakafuni. Maumivu ya ghafla mahali mfupa uliporefushwa, au muundi ukionekana umepinda, eksirei ipigwe siku hiyohiyo.