Pasaka haikutoka kwa Ishtar, na Pentekoste haikuanzia Matendo 2

Kila ikikaribia Pasaka ile meseji inaanza kuzunguka tena kwenye magrupu, eti Pasaka ni sikukuu ya mungu mke wa Babeli anaitwa Ishtar, ushahidi wao ni kwamba "Easter" na "Ishtar" yanasikika kama jina moja. Jamani. Easter ni jina la Kiingereza, sisi tunasema Pasaka, neno linalotoka kwenye Pesaki ya Kiebrania kupitia Paska ya Kigiriki, na hivyo ndivyo kanisa la kwanza walivyoiita. Melito askofu wa Sardi alihubiri kwa Kigiriki kuhusu Paska kwenye karne ya 2, akieleza mwanakondoo wa Kutoka 12 kuwa ni mfano wa Kristo, na wakati huo Kiingereza chenyewe hakijakuwepo. Na kabla ya Melito kuna Paulo, 1 Kor 5:7, anasema wazi Kristo ndiye Pasaka wetu, halafu anawaambia Wakorintho waondoe chachu ya kale, hiyo ni lugha ya nyumba ya Kiyahudi inayosafishwa chachu yote kabla ya sikukuu!

Dhana nyingine ni kwamba Konstantino, mfalme wa Roma, ndiye aliyeianzisha Pasaka kwenye mtaguso wa maaskofu pale Nikea mwaka 325. Sio kweli, Nikea walikuta watu wanasherehekea zamani tu, kilichosumbua ni tarehe. Makanisa ya Asia (Efeso, Smirna na majirani zake) walifuata tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, pamoja na Wayahudi hata ikiangukia Jumatano, Roma wao wakataka Jumapili. Kama mwaka 155 hivi mzee Polikarpo wa Smirna alisafiri mpaka Roma kuongea na askofu Aniketo, hakuna aliyembadilisha mwenzake lakini walishiriki meza ya Bwana pamoja wakaachana kwa amani, na hapo ndipo mimi huwa natamani tungejifunza kwao maana sisi tunagombana kwa mambo madogo sana.

Pentekoste nayo, wengi tunajua ni siku Roho aliposhuka basi. Lakini soma Mdo 2:1 polepole, siku ilikuwa na jina tayari, ndio maana Yerusalemu ilijaa Wayahudi toka kila taifa. Ni Sikukuu ya Majuma ya Walawi 23, unahesabu siku 50 kuanzia mganda wa malimbuko (mazao ya kwanza yanayotolewa kwa Mungu), ni mavuno ya ngano, na baadaye Wayahudi wakaiunganisha na kupewa Torati pale Sinai. Sasa angalia, palepale Sinai kwenye ndama wa dhahabu walikufa watu kama 3,000 (Kut 32:28), siku hii ya Pentekoste wakaongezeka waumini kama 3,000 (Mdo 2:41). Na Paulo anaposema Kristo ni limbuko lao waliolala, 1 Kor 15:20, ni mganda uleule anauongelea, usipojua Walawi hiyo sentensi inakupita tu.

Kuna ndugu zetu pia wanaosema meza ya Bwana, ile karamu ya mwisho ya Yesu, ilikuwa Seda (chakula cha ibada cha Wayahudi usiku wa Pasaka) kama inavyofanyika leo, vikombe vinne na kila kitu. Hapo twende taratibu, utaratibu wa Seda kama ulivyo leo umejengeka zaidi baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70.

Na wale wanaosema Wakristo walizikata sikukuu za Kiyahudi mara moja tu baada ya Yesu kupaa, mbona Paulo alikuwa anaharakisha awahi Yerusalemu siku ya Pentekoste (Mdo 20:16)? Tena mwaka 386 pale Antiokia, kasisi Yohana Krisostomo alihubiri kwa ukali sana, maneno mengine yanaumiza kuyasoma, akiwakemea Wakristo wa mji wake waliokuwa wanaenda kwenye sikukuu za sinagogi. Hiyo ni zaidi ya miaka 350 tangu msalaba na watu bado wanaenda.