Maji Maji: "Si walidanganywa na mganga?"

Juzi, hata neno "karibu" sijamaliza kulitamka, kijana mmoja kanidaka: "Mwalimu, si hawa babu zetu walikufa kwa kuamini risasi itageuka maji?" Wenzake wakacheka. Natembeza wageni hapa Songea miaka mingi, na swali hilo limenichosha.

Anasema Vita vya Maji Maji, watu wa kusini mwa Tanganyika walipowainukia Wajerumani waliowatawala. Kuamini, waliamini. Maji, mafuta ya mbarika na mtama: ndiyo dawa aliyoigawa mganga Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe tangu 1904. Lakini kilichowasha vita ni pamba. Umatumbini watu walisukumwa kwenye shamba la pamba la jumbe, mkuu wa kijiji chini ya Wajerumani, huku mahindi yao yakiliwa na nguruwe, na aliyegoma alionja hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Julai 1905 wazee wa Nandete walitangaza vita kwa kung'oa mashina ya pamba. Huyo ni mtu aliyerogwa, au ni mtu anayejua anachogombania? Dawa iliwapa kiapo kimoja Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, watu ambao hawakuwahi kuwa na mtemi mmoja.

Sasa shika tarehe. Mimi kila mgeni namwambia ashike tarehe kwanza. Agosti 30, 1905, maelfu waliivamia boma ya Wajerumani kule Mahenge, wakapokelewa na bombomu mbili, bunduki za rashasha. Walianguka safu kwa safu mchana kweupe. Oktoba, kule Uwereka, Wangoni walishambuliwa kambini, na wengi wakaitupa dawa wakisema ni uongo. Imani imekwisha hapo, sivyo? Mbona vita vilifika 1907? Walibadili mbinu: wakaingia porini, wakavizia misafara, wakapiga na kukimbia. Hakuna aliyefanya hayo kwa kutegemea maji.

Kilichowamaliza ni njaa, na ilipangwa. Kapteni Wangenheim, ofisa wa Kijerumani, aliandika wazi kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazowatiisha watu hawa. Basi vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa, mbegu zikaenda na moto, na msimu wa kupanda ukapita watu wamejificha msituni. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa 75,000. Wanahistoria wengine wanafika 300,000. Wengi wao hawakupigwa risasi hata moja: ni akina mama, wazee na watoto. Mwambie mtoto aliyekufa kwa kukosa uji kwamba kosa lake ni kuamini dawa.

Mengine nayajibu nikiwa natembea. Kinjikitile hakuongoza vita hadi mwisho. Alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Makabila yote ya Tanganyika hayakuinuka; vita vilikuwa vya kusini na kusini-mashariki, na Wahehe wengi walisimama upande wa Wajerumani. Wala usiwaze jeshi la wazungu watupu: askari wengi walikuwa Waafrika, Wasudani na Wamanyema wakiwamo, na wazungu waliokufa hawakuzidi ishirini.

La mwisho ni kaburi la pamoja hapa Songea, ambalo wageni hudhani ni la waliouawa vitani. Hapana. Humo wamo viongozi wa Wangoni walionyongwa Februari 27, 1906, Nkosi (chifu) Mputa Gama akiwa mmoja wao. Songea Mbano, kiongozi mwingine wa Wangoni, alinyongwa siku chache baadaye. Kaburi lake liko peke yake, na tukifika pale huyo kijana wangu kofia alikuwa ameishika mkononi.