Mnalinganisha uzunguni na uzunguni, halafu mnasema mmelinganisha Dar na Nairobi

Ile picha imerudi tena. Kushoto Nairobi, jumba la mikutano la KICC limesimama katikati na kijani cha Uhuru Park mbele yake, kulia Dar imepigwa na droni kutokea upande wa bandari, minara ya vioo na maji, halafu chini yake watu wanatoana macho nani ana mji. Mkenya anasema Dar ni kijiji kilichoota maghorofa ufukweni, Mbongo anajibu Nairobi hamna bahari kwa hiyo hamna kitu, na ubishi unaishia palepale kila mara. Mimi ni mpanga miji, nimefanya kazi huku na kule, na hili sasa limenifika kooni kwa hiyo nalitoa lote.

Kosa liko kwenye picha yenyewe kabla hata hujaanza kuhesabu ghorofa. Picha zote mbili zimepigwa upande wa uzunguni. Ile ya Nairobi inaishia Moi Avenue, ile ya Dar inaishia kama Samora na vimitaa viwili vitatu nyuma yake. Sasa ukichukua uzunguni ya Nairobi ukaishindanisha na uzunguni ya Dar, Nairobi inashinda asubuhi na mapema, hilo halihitaji hata mjadala. Ila hujalinganisha miji, umelinganisha sehemu mbili ambazo serikali za kikoloni ziliamua ndizo zenye thamani.

Nairobi ni rahisi kueleza. Reli ya kutoka Mombasa ilifika pale 1899, wakaweka stesheni na karakana kwenye tambarare yenye majimaji, mji ukaota kutoka stesheni kwenda kaskazini. Moi Avenue, zamani ikiitwa Government Road, ndio uti wa mgongo. Magharibi yake benki, mahoteli, bunge, mahakama. Mashariki yake Tom Mboya, Luthuli, River Road, mpaka unatokea Kirinyaga Road kwenye spea za magari. Kila kitu kimeshonana, unatoka Uhuru Highway unafika Kirinyaga Road kwa miguu dakika ishirini hivi na hujakutana na uwanja mtupu hata mmoja njiani, ndio maana ukipiga picha popote pale unaona "mji".

Dar haijashonana hivyo, na haikuwa bahati mbaya. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga miaka ya 1860, akafariki 1870 mradi ukalala, Wajerumani wakaja kuhamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891 wakajipanga ufukweni. Waingereza wakachukua 1916, na miaka ya 1920 wakaligawa jiji kwa sheria za ujenzi zoni tatu: ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili maduka na makazi ya Wahindi, ya tatu nyumba za Waafrika, na kati ya ya pili na ya tatu pakaachwa wazi makusudi pasijengwe. Hapo ndio Mnazi Mmoja. Leo watu wanapumzika chini ya miti, wanafanya mikutano, wengine hawana habari kwamba wamekaa juu ya mpaka.

Sasa hapa ndipo panaponikera, na nitakaa hapa kidogo mnivumilie. Mtu anafika Posta, katikati ya Dar, anatembea Samora kutoka Sanamu la Askari mpaka Mnara wa Saa, anaona pamekwisha, anasema "Dar mjini padogo". Ndugu yangu, umeishia mpakani! Vuka Bibi Titi, pita Mnazi Mmoja, vuka Lumumba, ndio kwanza unaingia. Kariakoo sio soko la pembeni ya mji, Kariakoo ndio mji. Hapo ndipo wafanyabiashara wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro wanakuja kufunga mizigo. Hapo Lumumba ndipo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, yaani hata siasa ya nchi hii haikuanzia ufukweni kwenye majengo meupe, ilianzia ng'ambo ya uwanja.

Na Nairobi wanayo Kariokor vilevile. Majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliobebeshwa mizigo na risasi wakafa kwa maelfu bila hata kuandikwa makaburi. Lakini angalia kila moja imeishia wapi. Ya Nairobi ilikaa ng'ambo ya mto, na mto ukatosha kuiweka nje mpaka leo, watu wanaenda kununua viatu vya ngozi na viondo na kula nyama choma halafu wanasema "wacha nirudi tao". Ya Dar ilitenganishwa na uwanja tu, na uwanja unavukwa kwa dakika chache, kwa hiyo biashara ya jumla yote ikajazana pale na sasa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati imeng'olewa, kwenye kiwanja kilekile kimeota jengo la ghorofa nane, kumi, ukuta kwa ukuta, hakuna pa kuegesha, mitaro ileile ya zamani. Mimi kama mtaalamu sijivunii hilo. Ila huwezi kulifuta kwenye picha.

Kuna jambo jingine sijaona mtu akilisema. Miji yote miwili ilijenga jengo lake la kishujaa wakati mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nairobi wakajenga KICC, David Mutiso pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway, ikakamilika 1973. Dar, Beda Amuli akachora Soko la Kariakoo, lile lenye paa za zege zilizofunguka kama miavuli iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua. Nairobi wakaliweka jengo lao karibu na bunge na mahakama, la mikutano. Dar wakaliweka Kariakoo, la nyanya na dagaa na vitunguu. Hayo maamuzi mawili yanakueleza tofauti ya hii miji kuliko urefu wa mnara wowote. Soko liliungua Julai 2021 na kulikarabati kumechukua muda, lakini bado kila ubishi wa "Dar hamna jengo la maana" naona watu wanaorodhesha minara ya vioo tu, Amuli hatajwi kabisa, na hilo linaniuma.

Nikubali pia kitu ambacho kwenye vitabu vyetu huwa tunakipita haraka. Katikati ya jiji inaishia wapi? Sisi tunachora mstari kufuata barabara kubwa tunasema hii ndio eneo kuu la biashara, lakini huo mstari ni wa mtu aliyekaa na kalamu. Nikiiingiza Kariakoo kwa upande wa Dar, mtu wa Nairobi ana haki kuniuliza kwanini nisiiingize Eastleigh, mbona nayo ni jumla tupu, maduka juu ya maduka, na Gikomba nayo mitumba yake inalisha nchi nzima? Kipimo changu ni miguu: kutoka Posta mpaka Kariakoo mtu anatembea, kutoka jengo la Archives pale Moi Avenue mpaka Eastleigh wengi wanapanda gari. Nakitumia hicho kipimo ila simalizi kukiamini, kwa sababu kinaibeba Dar, na Dar yenyewe kwa lile joto saa saba mchana hata hiyo safari ya Posta Kariakoo watu wanaita bajaji. Nairobi iko juu mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, unatembea mchana kutwa shati halijalowa. Hali ya hewa inaingia kwenye mipango miji kuliko tunavyoandika kwenye ripoti.

Halafu wale wa Nairobi, mnapopiga picha ya Upper Hill na Britam Tower mkasema "town yetu", hapo sio town. Ni kilima kingine ng'ambo ya Uhuru Highway, ofisi zimehamia huko na Westlands kwa sababu katikati pamebana. Na ile picha ya simba wa mbugani mwenye maghorofa nyuma yake, ni lenzi ndefu imeyavuta karibu. Nairobi National Park ni ya 1946, kilomita za mraba 117, ni ya ajabu kweli na hakuna jiji lingine la ukanda huu lenye kitu kama kile, lakini usiihesabu kwenye katikati ya jiji halafu mimi ukanikatalia Zanzibar ambayo boti yake inaondokea palepale mjini Dar, saa mbili hivi umeshafika.

Vya kuona, basi. Nairobi mjini kwenyewe ina vingi kuliko wenyeji wanavyojua. Panda juu KICC uone mji wote, reli, mto, mpaka mbugani siku ikiwa safi. Dar hatuna paa la umma la namna hiyo na ni aibu, minara yote hii na mwananchi hana pa kusimama akautazama mji wake. Shuka uingie Kenya National Archives, lile jengo la benki ya zamani ambalo kila mtu anakutania nje yake na wachache wanaingia ndani, mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, uko humo. Maktaba ya McMillan ya 1931 yenye simba wa mawe mlangoni, Msikiti wa Jamia uko pembeni yake. Makumbusho ya Reli kule nyuma ya stesheni. Kisha vuka Moi Avenue, tafadhali vuka, ukaione Luthuli na spika zake, ile barabara ilifanyiwa marekebisho 2019, magari yakapunguziwa njia na waenda kwa miguu wakaongezewa, na ukisimama pale jioni unaona kazi yetu ikifanya kazi, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Dar anza Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Fuvu la Zinjanthropus, la zamadamu, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959 ni la jumba hilo, na watu wanapita nje wakienda kupiga selfi ufukweni! Makanisa ya Azania Front na St Joseph yote yako mbele ya bandari, dakika chache kati yake. Bustani ya mimea ya Wajerumani. Soko la Feri asubuhi samaki wakinadiwa. Halafu panda pantoni kwenda Kigamboni na urudi, nauli ndogo, hiyo ndio picha ya Dar ambayo hakuna droni inayohitajika.

Kuna siku moja inayoonyesha tofauti ya hizi katikati mbili kwa uchungu. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa miji yote miwili. Ya Nairobi ilikuwa kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ndani ya msongamano, jengo la jirani likaporomoka, waliokufa 213. Ya Dar ilikuwa mbali na katikati, upande wa Oysterbay, waliokufa 11. Mji ulioshonana una raha yake na una hatari yake. Pale kona sasa kuna bustani ya kumbukumbu yenye majina ukutani. Ukipita hapo punguza mwendo.

Usiku. Posta inakufa saa kumi na mbili, hilo kweli, wafanyakazi wakishapanda mabasi ya mwendokasi unabaki na walinzi, na tangu wizara zihamie Dodoma imezidi. Ila tembea dakika tano ndani ya Uhindini, ile zoni ya pili ya maduka na makazi ya Wahindi. Majiko ya mkaa yametolewa barazani, mishkaki inageuzwa, mihogo na ukwaju pembeni, watoto kwenye vibaraza vya ghorofa ya kwanza wanachungulia moshi, na juu yao kwenye kipaji cha jengo kuna jina la familia na mwaka uliochongwa, 1930 na kitu. Hiyo Nairobi ilikuwa nayo Biashara Street na sasa familia zimeshahama, yamebaki maduka, jioni yanafungwa. Mji ambao watu wanalala ndani yake na mji ambao watu wanaondoka jioni ni vitu viwili tofauti, na huu ndio ushindi mkubwa wa Dar ambao Wabongo hawaudai.

Treni nitaipitia haraka: treni ya reli mpya (SGR) ya Dar inashusha watu katikati karibu na stesheni ya zamani, ya Nairobi inawashusha Syokimau wakatafute usafiri mwingine. Dar wamepatia.

Na sasa ule ushindi wa watu kulala mjini tunaubomoa wenyewe. Kila mara nyumba moja ya Uhindini inazungushiwa mabati, kibaraza kinaangushwa, kinakuja kisanduku cha vioo ghorofa ishirini ili na sisi kwenye picha tufanane na Nairobi, na chini yake hakuna duka wala jiko wala mtu anayelala, ni geti na mlinzi. Wamiliki siwalaumu, ardhi ile ina bei na nyumba zimechakaa, lakini kuna njia ya kujenga juu nyuma huku sura ya mbele na baraza zikibaki. Sheria ipo ya kulinda majengo ya kale, orodha zipo, kinachokosekana ni watu wa kupiga kelele kabla mabati hayajafika. Ndani ya Boma la Zamani pale Sokoine Drive, jengo la miaka ya 1860 la wakati wa Majid, kuna kituo cha urithi wa usanifu wa jiji na maonyesho yanayoeleza mitaa hii ilivyojengwa. Liko jirani kabisa na boti za Zanzibar. Ukifika mapema kabla ya boti, ingia humo kwanza, halafu uje tubishane.